Kitabu cha Maarifa kwa Mtoto: Ensaiklopidia, Mada Moja, Hadithi, Wasifu au Majaribio?

Mtu anayetafuta kitabu cha maarifa cha kumpa mtoto hukuta rafuni aina tano au sita za vitabu ambavyo, ukitazama majalada yake, vyote vinaahidi jambo moja: kwamba mtoto atajua mengi na atafurahia kuyajua. Ahadi hiyo ndiyo inayowachanganya wanunuzi, kwa sababu vitabu hivi havifanyi kazi moja. Kipo kinachofunguliwa kwa dakika tatu ili kutafuta jibu, kipo kinachosomwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kipo kinachosomewa msikilizaji ambaye bado hajui kusoma, na kipo ambacho hakina maana yoyote mpaka mtoto ainuke akachukue bakuli na maji. Kuuliza kipi ni bora kabla ya kujua mtoto atakitumiaje ni kupoteza wakati.

Ili ulinganisho huu usielee hewani, nitachukua mada moja, yaani nyuki wa asali, na kuangalia jinsi kila aina ya kitabu inavyoishughulikia. Nyuki anafaa kwa sababu karibu kila mfululizo wa vitabu vya watoto humgusa, na kwa sababu maisha yake yana mambo ambayo picha moja inatosha kuyaeleza pamoja na mengine ambayo hata kurasa kumi huyaeleza kwa shida.

Ensaiklopidia ya picha na kitabu cha mada moja

Hapa ndipo wanunuzi wengi husitasita, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, wengi huchagua vibaya. Ensaiklopidia ya picha ni kubwa, ina jalada gumu, ina kurasa mia kadhaa, na humpa mtoaji zawadi hisia kwamba amempa mtoto dunia nzima kwa mkupuo. Kitabu cha mada moja huwa chembamba, aghalabu kurasa 32 au 48, na ukikiweka kando ya ensaiklopidia huonekana kama kijitabu cha ziada.

Tazama lakini kile ambacho kila kimoja kinamwambia mtoto kuhusu nyuki. Katika ensaiklopidia, nyuki atapewa robo ya ukurasa, au ukurasa mmoja mhariri akiwa mkarimu, pamoja na nyigu na siafu. Mtoto ataelezwa kwamba nyuki ana miguu sita na mabawa manne, kwamba katika mzinga kuna malkia, madume na vibarua, na kwamba nyuki husaidia mimea kuchavushwa. Yote ni kweli, na yote yamekaa kama vigae vilivyopangwa sakafuni: kila kimoja kinajitegemea na hakuna kinachomvuta msomaji kwenda kwa kinachofuata. Mtoto akiuliza kwa nini vibarua wote ni wa kike, au nani anaamua ni buu yupi atakuwa malkia, ukurasa umekwisha na unaofuata unahusu buibui.

Kitabu cha mada moja kina nafasi ya kumfuata kibarua mmoja tangu yai. Yai hukaa siku 3, kisha buu hulishwa kwa muda wa siku 6 hivi, halafu wauguzi huziba chumba chake kwa nta, na siku ya 21 tangu kutagwa nyuki kamili hutafuna kizibo na kutoka. Kazi yake ya kwanza ni kusafisha vyumba, na cha kwanza ni kile alichotokea. Baadaye hulisha mabuu, kisha hujenga masega, kisha hulinda mlango, na ni katika wiki ya tatu ya utu uzima ndipo kwa kawaida huanza kuruka kwenda kutafuta maua. Katika msimu wa maua, kibarua huishi wiki 6 hivi tu. Mtoto anayesoma mfululizo huu hahitaji kuambiwa kwamba mzinga una mgawanyo wa kazi, kwa sababu ameuona ukitokea, na swali la malkia hujibika lenyewe anaposoma kwamba buu yuleyule wa kike angeweza kuwa malkia kama angeendelea kulishwa maziwa ya nyuki, yaani chakula maalumu kinachotolewa na vibarua wauguzi, na kukuzwa katika chumba kikubwa zaidi, na kwamba malkia hukomaa kwa siku 16 tu.

Tofauti hii hailetwi na wingi wa habari peke yake. Kitabu cha mada moja kina uwezo wa kuonyesha sababu, na sababu ndiyo inayokaa kichwani. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alipowaandalia vijana mihadhara yake kuhusu mshumaa katika Royal Institution, London, mihadhara ambayo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1861, alianza na kitu kimoja kidogo ambacho kila msikilizaji alikuwa amekiona, akatoka hapo kuelekea mwako, maji, hewa na hata pumzi ya binadamu. Waandishi wazuri wa vitabu vya mada moja bado hufanya vivyo hivyo: huanza na kitu kinachotosha kiganjani na kukichimba mpaka kiwe kikubwa.

Hata hivyo ensaiklopidia ina sifa ambayo kitabu cha mada moja hakiwezi kuipata, nayo ni bahati ya kukutana na jambo usilolitafuta. Mtoto aliyekwenda kumtafuta nyuki anaweza kuishia kwenye nyangumi, au kwenye picha ya ndani ya saa, na pengine hapo ndipo atakapogundua kwamba anachopenda hasa ni mashine. Kwa mtoto ambaye bado hajaonyesha mwelekeo wowote, kupekuapekua huko kuna thamani kubwa. Vilevile ensaiklopidia huhimili ndugu wawili au watatu wenye umri tofauti, kwani mdogo hutazama picha na mkubwa husoma maelezo, jambo ambalo kitabu cha mada moja kilichoandikwa kwa kiwango kimoja hakilimudu.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwalimu Mcheki John Amos Comenius alichapisha mwaka 1658, huko Nuremberg, Ujerumani, kitabu chake cha picha kwa watoto, ambamo kila mchoro uliochongwa kwenye mbao ulikuwa na namba ndogondogo zilizolingana na maneno ya Kilatini na Kijerumani yaliyokuwa chini yake. Mchoro wenye namba na maelezo mafupi pembeni ndio bado uti wa mgongo wa ensaiklopidia ya watoto, na ubora wa ensaiklopidia hupimwa kwa jambo lilelile ambalo Comenius alilijali: je, namba inaelekeza hasa kwenye kitu kinachotajwa, na je, kitu hicho kinaonekana? Nimeona ensaiklopidia za bei ghali ambamo mshale wa tumbo la nyuki unaelekea kifuani.

Kwa hiyo, kati ya hivi viwili, ensaiklopidia inafaa kukaa mahali ambapo wengi wataipekua, kama vile maktaba, darasa, au nyumba yenye watoto kadhaa, nacho kitabu cha mada moja kinafaa kuwa mali ya mtoto mmoja anayejulikana anapenda nini. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu na mtoto ana miaka kati ya 7 na 11, ningechukua cha mada moja bila kusita, na fedha inayobaki ningeiongezea cha pili cha mada nyingine.

Maelezo ya moja kwa moja na maarifa yaliyovikwa hadithi

Baadhi ya waandishi huona kwamba mtoto hatameza habari bila asali, wakamwandikia hadithi: nyuki mdogo mwenye jina na haya, anayepotea njia, anayeokolewa na mzee wa mzinga, na katika safari hiyo msomaji hujifunza chavua ni nini. Aina hii hupendwa sana na wazazi wa watoto wenye miaka 4 hadi 7, na kuna sababu ya kuipenda. Hadithi humpa msikilizaji mdogo mtu wa kumfuata, humfanya asubiri ukurasa unaofuata, na husomeka kwa sauti bila kumchosha msomaji mkubwa, wakati maelezo ya moja kwa moja yakisomwa kwa sauti mara nyingi husikika kama matangazo.

Shida ni mpaka. Nyuki akishavaa viatu na kuzungumza, mtoto hana namna ya kujua kama kucheza dansi kwa nyuki ni utani wa mwandishi kama viatu, au ni jambo la kweli. Na dansi ni ya kweli: nyuki huelekeza wenzake kwenye maua kwa kuicheza! Katika hadithi nyingi pia nyuki shujaa anayetafuta maua huwa wa kiume, kumbe madume hawatafuti maua kabisa. Kazi hiyo ni ya vibarua, ambao wote ni wa kike. Kosa kama hilo halionekani kubwa, lakini hubomoa hasa kile ambacho kitabu kilidai kufundisha.

Hadithi ya maarifa iliyoandikwa kwa uangalifu hujulikana kwa mambo mawili. Kwanza, mambo ya kubuni yamewekwa mahali pamoja, kwa wahusika wa kibinadamu au kwa safari yenyewe, ilhali mnyama au mashine hufanya yale tu ambayo kwa kweli hufanya. Pili, mwishoni kuna kurasa mbili au tatu ambamo mwandishi anaachana na hadithi na kusema wazi kipi ni kweli na kipi ametunga. Kurasa hizo zikikosekana, chukua kitabu hicho kama hadithi tu, ambayo si jambo baya, lakini usikihesabu kuwa kitabu cha maarifa.

Iko pia njia ya tatu ambayo ni bora kuliko zote mbili, ila ni ngumu kuiandika: masimulizi ya kweli. Hakuna mhusika wa kubuni, wala nyuki hasemi, lakini maelezo yana mwanzo, kikwazo na mwisho, kwa mfano siku moja ya mzinga tangu alfajiri, au kundi linapohama kutafuta makao mapya na maelfu ya nyuki kuning'inia tawini huku mamia machache ya wapelelezi wakikagua mashimo ya miti na kurudi kuyanadi kwa dansi. Tukio hilo lina mvutano wa kutosha bila kuongezwa chumvi. Ukipata kitabu cha namna hii kwa kiwango cha mtoto wako, maswali mengine yote ya ulinganisho huu hupungua uzito.

Wasifu

Wasifu wa watoto huwekwa rafu ya peke yake na hupewa kazi ya kuhamasisha: soma juu ya mtu mkubwa, nawe uwe mkubwa. Kwa kazi hiyo siupendi sana, kwa sababu ndiyo iliyojaza rafu hizo uongo. Kisa cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliyekata mcheri wa baba yake kisha akakiri, kilichosomwa na watoto kwa vizazi vingi kama historia, kiliingizwa na mwandishi Mason Locke Weems katika toleo la mwaka 1806 la wasifu alioandika kuhusu Washington, na hakuna ushahidi wa maana kwamba kilitokea. Tufaha la Isaac Newton nalo lina mzizi wa kweli, kwani Newton mwenyewe akiwa mzee alisimulia kuhusu kuanguka kwa tufaha, lakini hakuna aliposema lilimwangukia kichwani.

Pamoja na hayo, wasifu una jambo moja ambalo aina nyingine za vitabu vya maarifa hulikosa karibu daima: unaonyesha kwamba maarifa yalitafutwa na mtu, na kwamba mtu huyo alikosea kabla ya kupatia. Mchukue Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria aliyesoma dansi ya nyuki. Ensaiklopidia itasema kwamba nyuki hucheza dansi ili kuelekeza wenzake kwenye maua, nukta. Wasifu mzuri utasema kwamba katika miaka ya 1920 von Frisch aliamini dansi ya mduara inahusu nekta, yaani maji matamu ya maua, na dansi ya kutikisa mwili inahusu chavua. Kwamba aliishi na maelezo hayo kwa miaka. Na kwamba katikati ya miaka ya 1940, alipoweka vyombo vya chakula mbali zaidi na mzinga kuliko alivyozoea, aligundua kwamba tofauti ya dansi inatokana na umbali. Tuzo ya Nobeli aliyoipata mwaka 1973, pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen, huwa na uzito tofauti kabisa kwa mtoto aliyeona kosa lile na masahihisho yake.

Wasifu huo mzuri hautaruka pia miaka ya utawala wa Wanazi, ambapo von Frisch alitishiwa kuondolewa chuo kikuu kwa sababu ya asili ya Kiyahudi upande wa mama, akabakizwa kwa kuwa utafiti wake ulihitajika wakati ugonjwa ulipokuwa unaua nyuki. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuelezwa jambo hilo. Kitabu kinachomwonyesha mwanasayansi akiwa na nyuki na tuzo tu, bila nyakati alizoishi, kimemficha.

Unapolinganisha wasifu mbili za mtu yuleyule, fungua sehemu ya utotoni. Ikiwa imejaa mazungumzo ndani ya alama za kunukuu, yaani mama akasema hivi, naye mtoto akajibu vile, jiulize nani alikuwepo kuyaandika. Mwandishi mwaminifu hunukuu barua, shajara au hotuba, na mahali ambapo hana ushahidi huandika kwa lugha inayoonyesha kwamba anakisia.

Vitabu vya maswali na maajabu

Hivi nitavipita haraka. Ni vitabu vyenye mamia ya ukweli mfupimfupi, rangi kali, na vichwa vyenye alama za mshangao. Watoto wanavipenda, na mtoto anayekimbia vitabu vinene anaweza kuingia kwenye usomaji kupitia mlango huu, jambo ambalo si dogo. Kasoro yake ni kwamba kila kipande kimeng'olewa kwenye shina lake, na kwa kuwa waandishi wake hunakiliana, makosa ya zamani hayafi. Humo ndimo utakutana na mbuni anayeficha kichwa mchangani, ukuta wa China unaoonekana kwa macho kutoka mwezini, na ulimi uliogawanywa sehemu moja ya utamu na nyingine ya uchungu. Humo pia utasoma kwamba kwa mujibu wa sayansi nyuki hapaswi kuweza kuruka. Sayansi haisemi hivyo. Nyuki wa asali hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde kwa mikupuo mifupi, na nguvu inayomwinua inajulikana vizuri.

Tumia makosa hayo kama kipimo. Ukikuta mojawapo kati yake, rudisha kitabu rafuni, kwa maana aliyeandika hakumwuliza mtu yeyote. Ukikosa yote, na kila jibu likiwa na angalau sentensi tatu zenye neno kwa sababu, kitabu hicho kinafaa kwa safari na kwa chumba cha kusubiri.

Vitabu vya majaribio

Kitabu cha majaribio hakishindani na vingine kwa usomaji, kwani kinashindana na michezo. Kwa mada ya nyuki hata hakina mengi ya kufanya, maana hakuna mhariri mwenye akili timamu atakayemwambia mtoto afungue mzinga. Kilicho kizuri kitamwelekeza akae mbali kidogo na ua lililochanua, ahesabu wadudu wanaotua kwa dakika kumi, arudie asubuhi na jioni, kisha alinganishe hesabu zake. Lakini kwa maji, hewa, mwanga, sumaku na umeme wa betri, hakuna maelezo yanayoshinda jaribio lililofanikiwa.

Vitabu vya aina hii hutofautiana sana katika sehemu ambayo wanunuzi hawaitazami, yaani aya inayokuja baada ya hatua za kufuata. Kitabu dhaifu kitasema changanya siki na magadi, tazama povu, na kuishia hapo, kama mchezo wa kiinimacho. Kitabu imara kitaeleza kwamba povu ni gesi ya kaboni dayoksaidi, kitapendekeza kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ili kuona kinacholeta tofauti, na kitasema la kufanya jaribio likigoma, kwa sababu majaribio hugoma. Kagua pia orodha ya vifaa: kama kila jaribio la tatu linadai kitu ambacho hakipatikani nyumbani, mtoto ataishia kutazama picha. Na maonyo kuhusu moto, umeme na vimiminika vikali yanapaswa kuwa juu ya hatua yenyewe, si ukurasa wa kwanza peke yake.

Picha halisi au michoro

Swali hili hukata katikati ya aina zote zilizotajwa, na wengi hulijibu kwa kupenda tu. Picha za kamera huonekana za kisasa na za kuaminika, hivyo huonekana kuwa bora. Si kila mara. Ukitaka mtoto aone mguu wa nyuma wa kibarua uliobeba furushi la chavua, picha ya kamera iliyopigwa kwa karibu haina mpinzani, kwani inaonyesha vinyweleo, vumbi na mng'ao ambao mchoraji angeulainisha. Ukitaka aelewe dansi, picha hiyo ni bure kabisa, kwa sababu inamwonyesha nyuki akiwa amesimama katikati ya nyuki wengine. Hapo unahitajika mchoro: sega lililosimama wima gizani, mstari anaoutembea nyuki huku akitikisa tumbo, na nje ya mzinga jua, ua, na pembe kati yao. Akitembea moja kwa moja kwenda juu, chakula kiko upande wa jua; akielekea nyuzi 60 kulia kwa wima, chakula kiko nyuzi 60 kulia kwa jua; na kadiri anavyotikisa kwa muda mrefu ndivyo chakula kilivyo mbali. Mtoto wa miaka 9 huelewa hayo kwa mchoro mmoja safi na huwaeleza wengine kwa kidole mezani.

Kitabu kilichofikiriwa vizuri kwa hiyo huchanganya vyote viwili na kinajua kila kimoja kinafanya nini. Cha kuangalia zaidi ni ukubwa. Nyuki aliyechapishwa akiwa mkubwa kuliko kiganja, yai lenye urefu wa milimita 1.5 likiwa kama punje ya mchele wa kupikwa, na kando yake dubu akiwa mdogo kuliko nyuki, humwachia mtoto picha ya dunia iliyovurugika. Mstari mdogo wa kipimo, au alama inayoonyesha ukubwa halisi, hutatua tatizo hilo lote, na kutokuwepo kwake ni dalili ya uvivu.

Tarehe, faharasa na mambo ya kukagua ukiwa umesimama

Umri wa kitabu una uzito tofauti kwa kila aina. Kitabu cha mada moja kuhusu nyuki kilichochapishwa miaka 25 iliyopita kinaweza kuwa kizuri hadi leo. Atlasi ya umri huo haifai: haitakuwa na Sudan Kusini, iliyopata uhuru Julai 2011, itaandika Swaziland badala ya Eswatini, jina lililobadilishwa mwaka 2018, na haitajua Makedonia Kaskazini ya mwaka 2019. Kitabu cha anga kinachohesabu sayari 9 kiliandikwa kabla ya Agosti 2006, wakati Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoiweka Pluto katika kundi la sayari kibete. Idadi ya miezi ya Zohali imebadilika kiasi kwamba hata vitabu vipya vimeachwa nyuma, kwani mwaka 2025 ilifika 274. Dinosau wasio na hata unyoya mmoja katika kitabu kizima ni dalili kwamba mchoraji hajasikia habari za visukuku vya dinosau wenye manyoya vilivyotoka China tangu mwaka 1996.

Tarehe ya kuiamini iko kwenye ukurasa wa hakimiliki, wala si kwenye jalada. Tofautisha toleo lililorekebishwa na chapa iliyorudiwa tu, maana kitabu kinaweza kuwa kimetoka mtamboni mwaka jana kikiwa na maneno ya miaka 20 iliyopita. Ukiwa kwenye ukurasa huohuo, tafuta jina la mshauri mtaalamu. Wachapishaji makini humwomba mtu wa fani husika apitie maandishi na kumtaja.

Kwa atlasi tazama pia ramani ya dunia. Ikiwa Greenland inakaribia kulingana na Afrika, mchapishaji ametumia makadirio ya Mercator, yaani njia mojawapo ya kuchora dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, ambayo yalitengenezwa kwa ajili ya mabaharia na hutanua maeneo yaliyo karibu na ncha za dunia. Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi, Greenland milioni 2 na kidogo. Ramani hiyo si kosa ikiwa imeelezwa. Bila maelezo, humfundisha mtoto jambo ambalo itamchukua miaka kulisahau.

Kisha fungua nyuma. Ensaiklopidia isiyo na faharasa haitafutiki, na kwa hiyo imeshindwa kazi yake. Hakuna rangi itakayofidia hilo. Kitabu cha mada moja kinaweza kuvumiliwa bila faharasa kama kina kurasa 32, lakini kikifika 64 kinaihitaji, pamoja na orodha ya maneno magumu yaliyofafanuliwa. Chagua neno moja unalolijua vizuri, lifuate kutoka kwenye faharasa hadi kwenye ukurasa, na usome kilichoandikwa. Jambo ambalo wewe mwenyewe unalifahamu ndilo litakalokuonyesha kama mwandishi anajua au anakisia.

Kumlinganisha mtoto na kitabu

Umri ulioandikwa nyuma ya jalada ni makadirio ya mchapishaji kuhusu uwezo wa kusoma, na hausemi chochote kuhusu hamu. Mtoto wa miaka 6 anayependa treni atajikokota katikati ya kitabu cha treni cha miaka 10, akiruka asichokielewa, na ataokota istilahi ambazo mzazi hazijui. Mtoto huyohuyo atakitupa kitabu cha umri wake kuhusu mimea. Kwa hiyo, pale ambapo hamu iko, panda ngazi moja au mbili juu ya umri. Pale ambapo hamu haipo, shuka, na uchague chenye kurasa chache na picha nyingi.

Kwa asiyejua kusoma bado, masimulizi ya kweli yenye sentensi fupi yatashinda ensaiklopidia, kwani mtu mzima hawezi kusoma kwa sauti ukurasa uliotawanyika visanduku kumi na viwili bila kujua aanzie wapi. Kwa anayeanza kusoma peke yake, mpangilio wa ukurasa una uzito kuliko mada: herufi kubwa, mstari mmoja wa maandishi unaofuatika, na picha isiyopita nyuma ya maneno. Mwenye miaka 8 hadi 11 ndiye mteja halisi wa kitabu cha mada moja na kitabu cha majaribio. Kuanzia miaka 10, wasifu huanza kuzaa matunda, kwa kuwa mtoto ana hisia ya wakati na anaelewa kwamba miaka 20 ya kutafuta jibu ni muda mrefu.

Mwalimu anayechagulia darasa yuko katika hali nyingine. Yeye anahitaji ensaiklopidia moja au mbili nzuri, vitabu vingi vyembamba vya mada moja ambavyo wanafunzi watagawana, na walau wasifu mbili zinazopingana kidogo kuhusu mtu mmoja, ili darasa lione kwamba vitabu huandikwa na watu na vinaweza kuhojiwa. Vitabu viwili kuhusu nyuki vinavyotofautiana juu ya jambo moja vitazua mjadala kuliko kimoja kisicho na dosari.

Na kwa mtoto ambaye amekisoma kitabu kilekile cha nyuki mpaka uti wake umeachia, usikimbilie kumletea kitabu cha sayari kwa kuhofia kwamba anajifungia. Mtafutie kitabu cha pili cha nyuki, kigumu zaidi, chenye maandishi madogo na michoro ya mkato, hata kama kiliandikwa kwa ajili ya vijana wa sekondari, na umwache achague mwenyewe aanzie ukurasa upi.